Anayefuata mzigo Bangkok aonyeshwe pia njia ya mtoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowahusu Watanzania wanaokwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand, hasa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo na mikoba katika soko la Pratunam. Kazi yetu ni kuwaandalia watu hao safari. Wengi wao hulala mjini humo siku nne au tano, wakaondoka wakiijua njia ya kutoka hotelini kwenda sokoni na ya kutoka sokoni kwenda kwa wakala wa mizigo, basi. Anayetaka kutembea huuziwa ziara ya basi dogo kwa makumi ya dola, akapelekwa anakotaka dereva, na saa mbili za siku yake zikaishia kwenye duka ambalo hakuomba kulifikia. Makala za safari katika magazeti yetu nazo husifia mahekalu bila kumwambia msomaji ashuke kituo gani, alipe kiasi gani na avae nini.

Sisi tunasema mtu mzima mwenye simu na viatu vizuri anaweza kuitembea Bangkok mwenyewe, na kwamba mji wake wa kale unapaswa kuingiliwa kwa maji, si kwa barabara.

Karatasi kwanza, kwa kifupi. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza, na maombi yake hufanywa kwa mtandao kabla ya safari. Anahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Thailand inadai cheti hicho. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, la sivyo cheti kinakuwa hakijaanza kufanya kazi. Aliyekwisha kuchanjwa zamani hana haja ya kurudia, kinga yake inatambuliwa maisha yote. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Tovuti inayokudai dola kuijaza si ya serikali ya Thailand. Kosa linalowachelewesha wengi ni dogo tu: wakishuka kwenye ndege wanakimbilia foleni ya uhamiaji moja kwa moja, wakati mtu anayetoka nchi yenye homa ya manjano anatakiwa kupita kwanza kwenye dawati la afya lililo kabla ya uhamiaji, akaguliwe cheti. Asiyepita huko hurudishwa, na foleni anaianza upya.

Ndege nyingi za kimataifa hutua uwanja wa Suvarnabhumi. Hakikisha tu tiketi yako haisemi Don Mueang, uwanja wa zamani ulio upande mwingine wa mji. Usibadilishe fedha nyingi katika ukumbi wa kutokea. Shuka hadi ghorofa ya chini kabisa, kwenye kituo cha treni, ambako kuna maduka ya kubadilishia fedha yenye bei nzuri zaidi. Shilingi ya Tanzania haina soko huko. Beba dola, tena noti za 100 zilizo mpya na zisizo na mikunjo wala maandishi, kwa kuwa noti ndogo na noti chakavu hupewa bei ya chini. Mashine za benki hukata kadi ya kigeni baht (fedha ya Thailand) 220 au zaidi kila unapotoa, hata ukitoa kidogo, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha siku kadhaa. Mashine ikikuuliza kama ikufanyie hesabu kwa shilingi, kataa, chagua baht. Kiwango cha mashine ni kibovu kuliko cha benki yako. Kwa hesabu ya haraka ya kichwani, baht moja ichukulie kuwa shilingi 80 hivi.

Kutoka uwanjani kuna treni inayopita juu kwa juu hadi kituo cha Phaya Thai, kama nusu saa, kwa baht 45. Anayelala Pratunam asifike huko. Ashuke Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya mwisho, kwani ndicho kilicho jirani na soko. Treni hii huanza alfajiri na kusimama karibu na saa sita usiku. Mwenye masanduku makubwa au watoto achukue teksi: shuka ghorofa ya kwanza, bonyeza mashine ikupe karatasi yenye namba ya sehemu ilipo teksi yako, na karatasi hiyo ibaki mikononi mwako maana ndiyo ushahidi ukidhulumiwa. Mita huanzia baht 35, inaongezwa baht 50 ya uwanja, na tozo za barabara ya kulipia ni zako. Dereva akikutajia bei ya jumla badala ya kuwasha mita, shuka uchukue nyingine.

Sasa mji wenyewe. Msafiri wa Dar hudhani joto analijua, akatoka hotelini saa nne asubuhi. Bangkok iko kando ya mto Chao Phraya, si ufukweni. Upepo wa bahari tuliouzoea huku haupo, na zege hushika joto hadi usiku. Aprili ndio mwezi mbaya zaidi. Novemba hadi Februari ndio msimu mzuri, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mvua kubwa, ambapo mvua ya jioni ikinyesha kwa muda wa saa moja inatosha kujaza maji mitaani na kusimamisha magari. Kwa hiyo, mwezi wowote ule, kazi ya nje iishe kabla ya saa sita mchana, halafu urudi nje baada ya saa kumi.

Magari ndiyo sababu ya pili ya kuukimbilia mto. Asubuhi na kuanzia saa kumi jioni barabara za Bangkok hujaa kiasi kwamba teksi ya kilomita sita inaweza kula saa nzima, na mji wa kale ndiko treni zilikochelewa kufika. Boti haina foleni. Panda treni ya juu, BTS, iliyoanza mwaka 1999, hadi kituo cha Saphan Taksin. Teremka ngazi upande wa mto, utakuta gati la Sathorn mbele yako. Hapo ndipo watu hupotea, kwa kuwa kuna boti za kampuni tofauti na wauzaji wenye sare wanaowaita wageni kwenye boti ya watalii yenye bendera ya bluu na tiketi ya siku nzima. Boti hiyo si mbaya, ila hauihitaji. Tafuta yenye bendera ya rangi ya chungwa, wanayopanda wenyeji, ambayo hutoza baht 16 popote unaposhukia. Ni kama shilingi 1,300. Chenji ndogo iwe mkononi. Boti haikai gatini. Inagusa, watu wanaruka, inaondoka, na kuchelewa kwa sekunde chache ni kuachwa. Ukiingia sogea katikati, na viti vilivyotengwa kwa watawa viache.

Shuka gati la Tha Chang, kama nusu saa baadaye. Kutoka hapo ni dakika tano kwa miguu hadi kwenye ukuta mweupe wa Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782 na mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia mji mkuu upande huu wa mto. Linafunguliwa saa 2:30 asubuhi, na tiketi huacha kuuzwa saa 9:30 alasiri. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500. Fika mlango unapofunguliwa. Kufikia saa nne mabasi ya watalii yameshamwaga watu, kivuli hakuna, na sakafu ya mawe inarudisha jua usoni.

Tahadhari inaanzia nje ya ukuta huo. Mtu mwenye shati safi, pengine na kitambulisho kifuani, atakuambia kwa upole kwamba kasri limefungwa leo asubuhi kwa sababu ya ibada, litafunguliwa mchana, na kwamba bajaji ya pale itakuzungusha kwenye mahekalu matatu kwa baht 20 au 40. Hakuna bajaji Bangkok inayoweza kufanya kazi hiyo kwa fedha hiyo. Gharama inalipwa na duka la vito au fundi wa suti utakakopelekwa, maana dereva hupewa kuponi ya mafuta au kamisheni kwa kila mgeni anayemwingiza. Dukani utaambiwa leo ni siku ya mwisho ya punguzo la serikali na kwamba jiwe utakalonunua utaliuza nyumbani kwa faida maradufu. Serikali ya Thailand haina punguzo la namna hiyo. Dawa ni moja: usijibu, tembea hadi mlangoni, soma mwenyewe. Kama kasri limefungwa, mlinzi wa mlangoni ndiye atakayekuambia.

Mtanzania ana sababu zaidi ya mgeni mwingine ya kuwa mwangalifu hapa. Yakuti za Tunduru na za Winza, spineli za Mahenge na tanzanite ya Mererani zimepita kwa wingi mikononi mwa wakataji na wachomaji wa mawe wa Thailand, na Bangkok ni soko kubwa halali la vito. Hivyo mtu huona jina analolijua, moyo ukalegea. Lakini jiwe lililochomwa ili rangi yake ipendeze, lililojazwa kioo au lililotengenezwa maabara halitofautishwi kwa macho, na anayetaka kununua kwa dhati hununua likiwa na cheti cha maabara huru anayoichagua mwenyewe, si kinachoandikwa na muuzaji mezani pake.

Mavazi. Hili limewarudisha watu wetu mlangoni mara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kaptula, suruali zilizochanwachanwa, nguo inayobana sana na inayoonyesha mwili hazipiti. Khanga ni msaada mkubwa katika mahekalu mengine, mtu akijifunga kiunoni au akijitanda mabegani hakuna shida. Katika Kasri Kuu, hata hivyo, walinzi mara nyingi hukataa kitambaa kilichotandwa juu ya blauzi isiyo na mikono; wanataka shati lenye mikono lililovaliwa. Dera, gauni refu lenye mikono, kanzu, suruali ndefu pana, vyote ni sawa, na buibui na hijabu havina tatizo. Viatu viwe vya kuvuliwa haraka, kwa kuwa utavivua mara nyingi siku hiyo.

Ndani ya kasri hekalu muhimu ni Wat Phra Kaew, lenye sanamu ya Buddha inayoitwa ya zumaridi ingawa imechongwa kwa jedi. Ni ndogo, kama sentimita 66, imewekwa juu sana, na wengi hutoka wakinung'unika kwamba hawakuiona vizuri. Kaa chini, miguu ikunje nyuma, tulia dakika kumi, macho yazoee. Vazi lake la dhahabu hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, kwa msimu wa joto, wa mvua na wa baridi, na anayelibadilisha ni mfalme mwenyewe. Kupiga picha humo ni marufuku. Kuta za varanda inayozunguka ua zimechorwa hadithi ya Ramakien kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa maoni yetu michoro hiyo inastahili muda kuliko majumba ya kifalme yanayofuata, ambayo mengi unayaona kwa nje tu. Tiketi ile ile inakuingiza kwenye jumba la makumbusho la nguo za Malkia Sirikit, ndani ya uzio, lenye kiyoyozi. Kwa mtu anayeishi kwa biashara ya vitambaa, kupita bila kuingia humo ni hasara.

Toka, fuata ukuta kuelekea kusini, na baada ya dakika kumi hivi utafika Wat Pho, kiingilio baht 300. Sanamu ya Buddha aliyelala ina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na jengo limeibana hivi kwamba huwezi kuiona yote kwa mara moja. Nenda hadi kwenye nyayo: zimepambwa kwa lulumizi katika alama 108. Nyuma yake kuna mabakuli 108 ya shaba ambamo watu hudondosha sarafu moja moja, na mlio wake ndio unaousikia tangu mlangoni. Wengi wakishaiona sanamu hutoka. Wasitoke, ua wa nyuma una mamia ya sanamu za Buddha zilizopangwa kwenye varanda, na hapo ndipo penye utulivu. Wat Pho ndiko inakofundishwa tiba ya kukanda mwili ya Kithai, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2019. Wakandaji hapo hukukanda ukiwa na nguo zako, na ni mahali salama kwa anayeogopa vyumba vya mitaani vinavyouza kitu kingine kwa jina la kukanda. Mwenye shinikizo la damu, mimba au mgongo ulioumia aseme kabla, kwani mkono wao ni mzito.

Mbele ya Wat Pho, ng'ambo ya barabara, ni gati la Tha Tien. Kivuko cha kuvusha tu, baht 5, dakika chache, kinakupeleka Wat Arun upande wa Thonburi. Kiingilio ni baht 200. Mnara wake umefunikwa vipande vya vigae na sahani za kauri kutoka China, na ukiwa karibu unaona maua yaliyopangwa kwa vipande vilivyovunjika. Ngazi zake ni za mwinuko mkali. Kupanda ni rahisi, tatizo ni kushuka, basi shuka ukitazama ngazi na mkono ukishika kamba. Anayetaka picha asubuhi apige akiwa upande huo huo wa Wat Arun au mtoni, jua likiwa linaupiga mnara usoni. Jioni arudi Tha Tien na kuutazama kutoka ng'ambo, kwa kuwa jua huzama nyuma yake.

Tupige hesabu ya siku hiyo. Boti kwenda na kurudi baht 32, Kasri Kuu 500, Wat Pho 300, kivuko 5, Wat Arun 200, treni za juu kama 80, chakula cha mtaani na maji 200. Jumla baht 1,317, yaani kama shilingi 105,000. Anayeona kiingilio cha kasri ni kikubwa alifute, siku inabaki nzuri na inashuka hadi kama shilingi 65,000. Fedha tunazoona zikiondoka kwa ziara ya kuuziwa hotelini zinazidi hizo, na muda wa kila mahali unaamuliwa na mtu mwingine.

Kwa aliye Pratunam kuna njia nyingine ambayo hata wanaokwenda mara kwa mara hawaijui. Chini ya daraja, hatua chache kutoka kwenye maduka ya jumla, kuna gati la mfereji wa Saen Saep. Boti zake ndefu ni usafiri wa wafanyakazi, nauli ni ya baht chache tu, na kuelekea magharibi zinafika ukingoni mwa mji wa kale. Kituo cha mwisho ni Phan Fa. Ukisikia boti inaishia Bo Bae, shuka hapo, baki ni kama kilomita moja kwa miguu, na Bo Bae yenyewe ni soko la nguo za jumla. Maji ya mfereji ni machafu. Pembeni kuna turubai lenye kamba, na aliyekaa ukingoni ndiye anayelivuta boti zinapopishana. Kaa katikati, funga mdomo, na usimame karibu na mlango kabla ya kituo chako. Kutoka Phan Fa unaona kilima chenye mnara wa dhahabu, Wat Saket. Ngazi 344, zenye kivuli cha miti na kengele njiani, na juu yake unauona mji pande zote. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake.

Treni zinahitaji neno. BTS inapita juu, MRT inapita zaidi chini ya ardhi, na ni mashirika mawili: tiketi ya moja haifungui mlango wa nyingine hata pale vituo vinapounganishwa kwa daraja, kama Asok na Sukhumvit au Sala Daeng na Si Lom. Ukibadilisha, unalipa upya. MRT hupokea kadi za benki za kugusa. Ukinunua tiketi unapewa kidude cheusi cha plastiki, usikipoteze maana kinatakiwa kwenye mlango wa kutokea. Baadhi ya mashine za BTS zinakula sarafu tu, basi pitia dirishani upewe chenji. Ndani ni baridi, mtoto avalishwe kitu. Kula na kunywa hakuruhusiwi, na duriani haiingii kabisa. Kwa safari fupi usiku, programu ya Bolt tuliyoizoea Dar inafanya kazi Bangkok pia, na bei unaiona kabla. Bodaboda zao huvaa fulana za rangi ya chungwa zenye namba, omba kofia.

Mtaa wa Wachina, Yaowarat, nenda usiku. Shuka kituo cha MRT cha Wat Mangkon. Wachuuzi wa chakula hutandaza kuanzia saa kumi na mbili jioni, na Jumatatu wengi hupumzika. Ukifika mchana kidogo pitia Wat Traimit, jirani na kituo cha Hua Lamphong: sanamu ya dhahabu ya tani tano na nusu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imefunikwa plasta, hakuna aliyejua kilichomo, hadi mwaka 1955 ilipoanguka ikihamishwa na plasta ikapasuka.

Chakula kwa Waislamu hakina shida kwa anayejua pa kuanzia. Kutoka Pratunam tembea hadi Phetchaburi Soi 7 (soi ni mtaa mdogo wa pembeni), karibu na kituo cha Ratchathewi, ambako kuna msikiti wa Darul Aman na wauza chakula halali waliouzunguka. Mtaa wa Sukhumvit Soi 3, eneo la Nana, umejaa migahawa ya Kiarabu. Ukiwa upande wa mto, msikiti wa Haroon uko nyuma ya barabara ya Charoen Krung, si mbali na gati la Oriental. Kwingineko tafuta alama ya halali, na kumbuka kwamba mchuzi wa mboga tupu barabarani huweza kuwa umepikwa kwa mafuta ya nguruwe. Maji ya bomba usinywe.

Soko la Chatuchak ni la Jumamosi na Jumapili. MRT kituo cha Kamphaeng Phet kinakutoa ndani kabisa ya soko; Mo Chit ya BTS inakuacha pembeni. Lina maelfu ya vibanda katika sehemu 27 zenye namba. Mnara wa saa ulio katikati ndio mahali pa kukutania. Ukiona kitu unakitaka, nunua au andika namba ya sehemu na ya kibanda, kwa sababu kukirudia bila namba ni kupoteza mchana. Pratunam kwenyewe bei ya jumla mara nyingi huanzia vipande vitatu, na si lazima kurudi na gunia ili uipate.

Anayetaka kupumzika bila kulipa aende bustani ya Lumphini asubuhi. Kenge wakubwa hutembea kando ya bwawa. Hawana shida na mtu asiyewachokoza. Saa mbili kamili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa katika bustani na vituo vya treni, na kila mtu husimama alipo. Simama nawe.

Hilo linatuleta kwenye sheria, na hapa tunaomba wasomaji watusikilize. Kumkashifu mfalme au familia yake ni kosa la kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila shitaka, na maneno ya mtandaoni yamo. Noti ina picha ya mfalme. Ikianguka usiizuie kwa mguu. Sigara za kielektroniki ni marufuku, hata kuingia nayo. Sanamu za Buddha haziruhusiwi kutoka nchini bila kibali cha idara ya sanaa. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkononi. Akiweke chini au kwenye kitambaa. Usibebe begi la mtu, hata awe mtu wa kwenu. Ukipatwa na jambo, polisi wa watalii ni 1155 na wanasikia Kiingereza; gari la wagonjwa ni 1669.

Tunamwomba Mhariri na waandishi wa kurasa za safari waandike miji hii kwa namna hii, wakitaja gati, nauli na saa, ili mfanyabiashara mwenye nusu siku ya akiba aweze kuitumia.

La mwisho ni la fedha. Ukinunua katika duka moja, siku moja, bidhaa za baht 2,000 au zaidi, na duka lina alama ya kurejesha kodi kwa watalii, onyesha pasipoti hapo hapo ukajaziwe fomu. Kesho yake hawajazi. Uwanjani pitia dawati la forodha na fomu na bidhaa kabla hujakabidhi masanduku, kisha fedha huchukuliwa baada ya kupita uhamiaji. Mzigo uliokwisha kuukabidhi kwa wakala wa meli hauhesabiwi. Kinachorejeshewa kodi ni kile unachoondoka nacho mwenyewe, kwa hiyo vitu vya bei kubwa vifungashe kwenye sanduku lako, na la jumla liende na shehena.

Waandaaji wa safari,
Kariakoo, Dar es Salaam